Kozi ya Kuku kwa Njia ya Posta

Kaloleni, Nairobi
18 Januari 1999

Kwa Bi Shamis,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta, nimeiandika tena na kuifuta, kwa sababu si kweli. Wewe sidhani una neno. Hofu na mashaka yote yako hapa kwangu.

Naitwa Kavinya. Anwani yako nilipewa na muuguzi wa kliniki ya watoto. Alisema ulikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili na sasa unatibu akina mama kwa barua. Nikamwambia mimi si mgonjwa wa akili. Akasema, "Nani amesema? Nunua stempu."

Nina mtoto wa miezi minne. Akilala nahofia amekata pumzi, kwa hiyo namwamsha nione kama yu hai. Akilia nafurahi, kisha nalia naye. Naogopa stovu ya mafuta taa. Naogopa beseni zaidi: nikimwogesha inanijia picha kwamba mikono yangu imemwachilia, natokwa jasho hadi miguuni. Mume wangu Ndolo huendesha lori hadi Malaba. Akiwa nyumbani huniambia, "Wewe pumua tu," halafu analala kama gunia.

Lakini kilichonifanya niandike ni mama mkwe. Alikuja kutoka Mutomo kunisaidia. Mtoto ana jina lake, Mbeti, na kwetu Wakamba mtoto mwenye jina la nyanya yake ndiye nyanya mwenyewe. Akilia, mama mkwe husema, "Mimi nina njaa, hebu ninyonyesheni." Juzi alinikuta nikimwamsha mtoto. Akanitazama, akasema, "Mvua ikinyesha nitaenda nyumbani na mimi mdogo."

Maana yake atamchukua. Akijua yaliyo kichwani mwangu hatangoja mvua, na Ndolo hawezi kumnyima mama yake hata chumvi. Tafadhali nifundishe kuacha kuogopa kabla mvua haijanyesha.

Nijibu kupitia sanduku la posta la kanisa letu. Langu sina.

Ni mimi,
Kavinya

*

Mombasa
27 Januari 1999

Binti yangu Kavinya,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama muuguzi na mara ya pili kama mtu. Muuguzi ndiye anayeuliza: je, unatamani kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Lisome neno "unatamani" polepole. Kama jibu ni ndiyo, usinijibu mimi. Mpe mtu mtoto, uende hospitali leo hii. Lakini kama picha hiyo inakuja bila kualikwa na kukutia jasho, hiyo ni hofu, nami hofu ya namna hiyo naijua kwa jina na kwa ukoo. Picha si nia. Wanawake wengi huiona picha hiyo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Nilihudumu miaka mingi katika wodi ya akina mama huko kwetu Barawa. Tuliondoka mwaka wa tisini na moja, vita vilipofika, kwa haraka kiasi kwamba niliacha miwani yangu juu ya kitabu nilichokuwa nikisoma. Mpaka leo sijui kiliishaje. Kwa hiyo nina muda, binti yangu. Aliyeacha nyumba yake hupewa muda mwingi asiouomba.

Dawa yako ni hii. Hofu usiifukuze, ipe zamu. Kila siku baada ya kuosha vyombo vya mchana, keti, uogope kwa bidii, bila kufanya kazi nyingine. Ikibisha hodi asubuhi, iambie ingoje zamu yake. La pili: mtoto akilala, usimwamshe. Mwachie nyanya yake mlango, utembee hadi mwisho wa safu ya nyumba zenu, urudi. Utadhani unakufa. Hutakufa. Niandikie ilikuwaje.

Mpwa wangu Roble, anayefanya kazi duka la kompyuta, anasema ipo siku mgonjwa atakaa Nairobi na muuguzi Mombasa, wakaonana kwenye kioo na kutibiana papo hapo. Nimemwambia hajui uzuri wa barua. Mgonjwa hawezi kunikatiza.

Wako,
Shamis

*

Kaloleni
8 Februari 1999

Bi Shamis,

Jibu la swali lako: sitamani. Naapa sitamani. Nilipoisoma "picha si nia" niliingia chooni nikalia, nikatoka nikiwa mwepesi. Na ile safu ya nyumba niliitembea. Kwenda nilitembea, kurudi nilikimbia na kandambili moja mkononi. Mtoto alikuwa bado amelala. Mama mkwe akaniuliza, "Nani anakufukuza?"

Sasa sikia balaa. Kanisani kwetu barua hazichukuliwi kimyakimya. Ibada ikiisha, mwandishi wa kanisa, Mzee Patrobas, husimama na kusoma bahasha moja moja mbele ya watu, na haachi kutoa maoni. Jana aliinua yako. "Kavinya wa Ndolo! Imetoka Mombasa. Mwandiko wa mtu aliyesoma. Nzito!" Kanisa zima liligeuka. Mama mkwe aliniuliza palepale mlangoni, "Mombasa una nani?"

Bi Shamis, jirani yangu Jacky ana kuku anayezurura. Kuku huyo alikuwa akipita. Nikasema, "Ni kozi, mwaitu." Mwaitu ni mama, ndivyo ninavyomwita. "Kozi gani?" "Ya kuku. Kwa njia ya posta."

Hakuna aliyeshangaa. Hapa watu husomea hata uhasibu kwa posta. Lakini tangu jana jioni sina amani. Jacky ananiita, "Niaje, mathe wa kuku!" Mathe nayo ni mama, kwa lugha ya vijana. Mtu ameniletea jogoo anayepiga chafya. Nimemwambia ampe zamu ya kupiga chafya, aache kumkatiza. Amenishukuru.

Tafadhali katika barua ijayo weka kitu cha kuku, hata ukurasa mmoja, niuweke mezani uonekane. Mama mkwe ananitazama sana.

Kavinya

*

Mombasa
17 Februari 1999

Binti yangu,

Sipendi uongo, lakini huo wako ulikuwa na kuku wa kuuthibitisha, kwa hiyo nimeusamehe. Mimi kuku namjua akiwa kwenye sahani tu. Nimemtuma Roble kwa jirani yetu Wehliye, mzee wa kutoka bara aliyefuga maisha yake yote, amwulize kanuni za ufugaji. Roble ameyachapa majibu kwa kompyuta na nimeyatia humu bila kuyasoma. Yana vichwa vya habari na nambari. Yatatosha heshima ya meza.

Kukimbia kurudi si kushindwa. Kesho tembea tena, ukimbie nusu ya njia. Halafu kuna zoezi gumu zaidi: mwache mama mkwe amwogeshe mtoto. Wewe keti nje juu ya kigoda, mlango wazi, mgongo ukielekea mlango. Hofu itakuambia geuka. Iambie muuguzi amekataza.

Najua unamwogopa mama huyo kuliko beseni. Hata hivyo nauliza: umewahi kumwuliza kwa nini anamtaka mtoto?

Shamis

*

Kaloleni
3 Machi 1999

Kwa Mwalimu wa Kuku,

Anwani nimeitoa kwenye bahasha yako. Naandika mwenyewe. Nilisoma gumbaru nikiwa mtu mzima. Herufi ni kubwa lakini ni zangu. Mimi ni Mbeti, mama yake Ndolo. Nataka kujiunga na kozi.

Si kweli. Sitaki. Kuku nimefuga tangu nikiwa msichana. Karatasi yako iko mezani kwa mwanangu. Watu wanaingia, wanaitazama, wanatikisa kichwa kwa sababu imechapwa. Mimi niliisoma. Inasema akae siku saba bila maji ndipo awe imara. Inasema akikataa kutulia akunjwe mguu mmoja wa mbele, afungwe kamba. Mwalimu, mguu wa mbele wa kuku ni upi? Inasema akizaa tusimalize maziwa, tumwachie ndama. Hapo nikajua hakuna kuku.

Mke wa mwanangu hasomei kuku. Anasomea kile nilichokuwa nacho mimi.

Nilipomzaa Ndolo niliogopa. Niliogopa uji wa moto. Niliogopa nyoka. Niliogopa titi langu lisimzibe pua. Mama mkwe wangu hakusema neno. Alimchukua Ndolo kwake, ng'ambo ya kijito. Alikuwa akimleta ananyonya, anarudi naye. Nililala kama mtu aliyekunywa pombe ya harusi. Nikaendelea kulala. Siku moja niliamka, nikajikuta nimerudi. Dawa nyingine siijui.

Ndiyo maana nataka kumchukua mtoto. Nikitaja, msichana anakauka kama ngozi iliyoanikwa. Juzi aliketi nje nikimwogesha mtoto. Alikuwa amekishika kigoda kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia kitu, nikamwambia maji yamepoa.

Nakosea wapi? Usimwambie nimekuandikia. Barua yako ikija nitamwambia nami nasomea kuku.

Mbeti

*

Mombasa
12 Machi 1999

Bi Mbeti, dada yangu,

Kwanza nakuomba radhi. Nimemwendea Wehliye mwenyewe. Kumbe hajawahi kufuga kuku hata mmoja. Alikuwa na ngamia. Roble alimwuliza kuhusu "mifugo", naye akajibu anachokijua, kama wafanyavyo wataalamu wengi. Naona haya mwenyewe kwa kutoisoma karatasi ile. Tafadhali asifungwe kuku yeyote.

Pili, siwezi kukuambia ni nani ananiandikia, wala kama yupo. Yako pia sitamwambia mtu.

Umeniuliza unakosea wapi. Unaanza hadithi kwa mwisho wake. Yeye anasikia "nitamchukua" tu. Hajasikia uji, nyoka wala titi, kwa hiyo anadhani umemwona hafai. Na jambo jingine, dada yangu, nitalisema bila kuzungusha: mama mkwe wako alivuka kijito tu, akawa anamrudisha mtoto anyonye. Kutoka Kaloleni hadi Mutomo hakuna titi linalofika.

Mwambie uliogopa. Anza hapo, unyamaze uone.

Wako,
Shamis

*

Kaloleni
22 Machi 1999

Bi Shamis,

Nimekwisha! Jana Mzee Patrobas aliinua bahasha mbili. "Kavinya wa Ndolo, hakuna. Samahani, mama. Lakini kuna ya Mama Ndolo! Mombasa! Mwandiko ni uleule! Nyumba hiyo itatulisha mayai sote!" Nyingine ilikuwa ya kwaya. Mama mkwe aliipokea yake kama mtu anayepokea sakramenti, akaitia ndani ya blauzi.

Alikuandikia nini? Umemjibu nini? Usiponiambia nitaelewa, lakini niambie.

Siku hizi ananifuata jikoni. Jana tukichambua maharagwe alianza, "Nami nilipomzaa Ndolo..." Nilijua anakuja kusema yeye alikuwa mama hodari. Mara Jacky akaingia na kitana nyweleni: "Sasa, mamathe! Mnasema nini?" Mama mkwe akasema, "Tunasema maharagwe yana mawe." Ikaishia hapo.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Kikundi cha akina mama wa mtaa kimeandika ubaoni pale ukumbini kwamba Jumamosi ya tarehe kumi Aprili mimi nitatoa mafunzo ya kuku. Mimi! Wamewaalika hata watu wa mtaa wa Muthurwa. Atakuja Wacera, anayeuza kuku pale sokoni. Ameshasema, "Mimi nimeuza kuku nikalipa karo za watoto wote. Huyu amesomea wapi, kwa stempu?"

Nifanye nini? Nikikataa watauliza kozi ilikuwa ya nini. Na mawingu yameanza kujikusanya.

Habari njema ni moja: mtoto sasa namwacha alale, isipokuwa Jumanne. Jumanne nilimwamsha.

Kavinya

*

Mombasa
29 Machi 1999

Binti yangu,

Nimeelewa kwamba umeelewa, na sikuambii.

Nenda ukumbini. Kuhusu kuku sina la kukufundisha; hili nakuambia kuhusu wewe. Simama uogope mbele ya watu, uone kama hofu inaua. Usiipeleke ile karatasi. Nasisitiza: usiipeleke. Ina kasoro.

Ukiwa juu ya jukwaa mtoto ashikwe na nyanya yake. Nimefikiri sana kabla ya kuandika sentensi hiyo na sitaifuta. Na maharagwe yakirudi, mwambie Jacky angoje nje.

Shamis

*

Kaloleni
12 Aprili 1999

Bi Shamis,

Barua yako ilifika jana. Mzee Patrobas aliisoma bahasha kwa sauti ya mazishi, kwa sababu kufikia jana Kaloleni nzima ilikuwa inajua. Karatasi nilikuwa nimeshaipeleka.

Ukumbi ulijaa. Nilimpa mama mkwe mtoto, akamfunga mgongoni, akaketi mbele kabisa. Nilipanda jukwaani, na sikuona nyuso, niliona vitambaa vya kichwa tu. Nikafungua karatasi nikaanza kusoma, mara ya kwanza katika maisha yangu kuisoma. Nilifika kwenye mguu wa mbele kabla macho yangu hayajaiambia akili.

Wacera alisimama. "Ngoja, mwalimu. Mguu wa nini?"

"Wa mbele," nikasema. Ningesema nini?

"Ati wa mbele! Jameni, mimi nimewauzia ninyi kuku nusu miaka yote hii? Miguu mingine ilikuwa inabaki wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Jacky alipiga kelele, "Wacera, rudisha miguu yetu!" Nilicheka nao kidogo, kisha pumzi ikakatika. Unajua ile ya beseni? Hiyohiyo, ila sasa niliyekuwa naanguka ni mimi. Nikashika meza.

Wacera hakuona. "Sema ukweli, mama. Hii kozi ni ya nini?"

Ndipo mama mkwe akasimama, mtoto mgongoni. Hakupanda jukwaani. Aligeuka tu akawaelekea.

"Wacera, mwache," alisema. "Kozi si ya kuku. Ni ya kuogopa. Hata mimi naisoma." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Nilipomzaa Ndolo niliogopa uji. Niliogopa nisimzibe pua na titi langu. Sikulala mpaka nikaanza kusikia vitu. Mama mkwe wangu alimbeba mtoto nikalala, nikapona. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani ni aibu. Nikaja hapa, nikamwona huyu anamwamsha mtoto kuhakikisha yu hai, nikajiona. Nikamwambia nitaondoka na mtoto. Nilidhani nampa dawa." Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote wa Kaloleni na nusu ya Muthurwa. "Sikusema hufai. Nilitaka ulale."

Bi Shamis, miezi yote hii. Nilikuwa nikimficha siri mgonjwa mwenzangu.

Nilishuka nikaketi kando yake. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa sauti ndogo, "Na aliyeogopa moto?" Mwingine akasema, "Mimi ni visu. Nilivificha vyote, tukala mboga za sukuma nzima nzima bila kukatwa." Wakaendelea hivyo, kila mtu na chake, na hapana aliyeomba ruhusa ya kusema. Wacera alibaki amesimama muda mrefu. Mwishowe akaketi, akafunga leso yake upya bila haja.

Jambo la ajabu ni hili. Mkutano ulipoisha ndipo nilikumbuka kumtazama mtoto. Alikuwa amelala mgongoni mwa mama mkwe, mdomo wazi, na sikuwa nimemchungulia hata mara moja.

Tumekubaliana hivi: mchana mama mkwe anamshika, mimi nalala. Nimelala siku mbili. Ndolo amerudi kutoka Malaba akanikuta nakoroma, akaniamsha kuhakikisha nipo hai.

Picha ya beseni bado inakuja. Naiambia ingoje zamu. Lakini mvua imenyesha Mutomo, na mama mkwe amefungasha vitu. Kuhusu mtoto hajasema neno, wala mimi. Safari hii nadhani wa kusema kwanza ni mimi.

Kavinya

*

Mutomo
9 Mei 1999

Bi Shamis,

Nimefika salama. Kunde zimeota, palizi imeanza. Wacera alinipa kuku wawili wa safari na hakutaka kitu. Alitaka anwani yako. Nilimpa. Usimwulize kuhusu miguu, bado ana haya.

Nataka kukuambia habari ya stendi ya mabasi. Kavinya alinisindikiza na mtoto. Sikusema nitamchukua. Tangu ukumbini sijasema tena. Basi lilipoanza kunguruma, alimfungua mtoto kutoka kifuani, akaninyooshea. Akasema, "Mwaitu, nenda naye mpaka palizi iishe. Nitakuja kumchukua. Siogopi." Halafu akasema, "Naogopa, lakini nenda naye."

Nilimshika mimi mdogo. Alinishika pua. Ana nguvu sasa.

Nikamrudisha. Nikamwambia, "Mwanangu, mgongo unaniuma. Siwezi kubeba mtoto na kuku wa Wacera safari yote hii." Kavinya alinitazama, akacheka, akasema, "Haya, mwaitu, pona kwanza." Utingo akapiga kelele, "Mama, panda au shuka, gari si la babako!" Nikapanda.

Bi Shamis, mgongo wangu hauna neno. Jana nimebeba mtungi kutoka mtoni bila kupumzika njiani. Nilimtaka sana mtoto yule. Nilipofika Kibwezi bado mikono ilikuwa inamtafuta. Lakini yule mama amelala sasa, na mtu aliyelala hachukuliwi mtoto.

Usimwambie. Akikuandikia akuulize hali yangu, mwambie bado unauma.

Mbeti